Mwanamfalme Nuhu Mbogo: Ghera Iliyojua Kusubiri



Ndugu zangu katika imani, neno ghera tunalitumia sana chuoni. Mwenye sauti kubwa mkutanoni tunasema ana ghera. Anayemkemea mwenzake kwa namna alivyofunga mikono katika sala, naye tunamwita mwenye ghera. Mimi nakaa Nateete, mtaa ambao zama za makabaka ulikuwa na makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na hapa historia ya Uislamu wa Buganda haiko mbali. Nikiisoma historia hiyo namwona mtu ambaye ghera yake ilikuwa ya namna nyingine. Naye ni Nuhu Mbogo.

Mbogo alikuwa mtoto wa Kabaka Suuna II. Ni katika baraza la Suuna, mwaka 1844, ndipo mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim aliposimama akamkanya mfalme asiwaue watu ovyo, kwa kuwa ni viumbe wa Mwenyezi Mungu. Kaka yake Mbogo, Mutesa I, alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, kisha akawageukia vijana wa ikulu walioshika dini kuliko alivyotaka. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Wengi wakachomwa moto Namugongo. Vijana wale walikuwa na umri kama wetu, na ghera yao iliwagharimu roho.

Ghera katika hatari

Mutesa alifariki mwaka 1884. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumwondoa Mwanga, na mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo. Kiweewa aliyewekwa kitini alikataa kutahiriwa, akaondolewa. Akaja Kalema, aliyetahiriwa na kuitwa Rashid. Kalema akawaua wana na mabinti wa kifalme kwa kuhofia kiti chake, Mbogo akawa miongoni mwa wachache waliosalimika. Mwanga aliporudi, Waislamu walikimbilia upande wa Bunyoro. Huko Kalema akafa kwa ndui mwaka 1890, na Waislamu wakamchagua Mbogo awe mfalme wao.

Fikiria hali yake. Jeshi lilikuwa limeshindwa, watu wako porini na wana njaa, na wanaomfuata wanataka vita viendelee. Mwaka 1891 Lugard aliwapiga tena. Mwaka 1892 ukaja ujumbe wa sulhu: Waislamu warudi Buganda wapewe majimbo matatu, na Mbogo aje akae Kampala chini ya macho ya ngome. Wafuasi wake wengi waliogopa kumwachia. Yeye akakubali kwenda, ili watu wake warudi kulima na kusali kwa amani.

Ghera katika siasa

Hapa namkumbuka Sayyidna Hasan bin Ali, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemwachia Muawiya uongozi mwaka 41 Hijria ili damu ya Waislamu isimwagike. Kuacha cheo unachokiona ni haki yako kunataka imani nzito kuliko kukipigania.

Wala sulhu haikumletea raha. Mwaka 1893 palipozuka tena mapigano, Waislamu walipokonywa majimbo mawili wakabaki na Butambala, na Mbogo akahamishiwa Zanzibar. Alirudi mwaka 1895. Wanajeshi Wasudani walipoasi mwaka 1897, wengi wao Waislamu wenzake, yeye hakujiunga nao. Alikwisha kuona vita vinawafanya nini watu wake.

Ghera katika mali

Katika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 aliachia madai yake ya ufalme. Akapewa pauni 250 kwa mwaka maisha yake yote, na maili za mraba 24 za ardhi kwa ajili yake na wafuasi wake. Wako wanaosema alinunuliwa. Mimi nasema tuangalie matunda. Jamii iliyokuwa ikifukuzwa kutoka kilima hadi kilima sasa ilikuwa na mahali pa kujenga misikiti na kuzika maiti wake. Mwanawe, Badru Kakungulu, baadaye alitoa ardhi ya Kibuli, na juu yake ukasimama msikiti na shule. Kule Kawempe nako ziko shule zenye jina la Mbogo.

Baada yake

Mbogo alifariki mwaka 1921, Kakungulu akiwa bado kijana mdogo. Hapo ndipo lililofungwa likafunguka. Waislamu waligombana juu ya uongozi, na juu ya kama aliyesali Ijumaa asali na Adhuhuri pia. Likatokea kundi lililojulikana kwa jina la Bukoto-Nateete, na jina la mtaa wangu likaingia katika historia ya mgawanyiko. Kila upande ulikuwa na ghera. Wakati huo huo shule nyingi zilikuwa za wamishionari, wazazi waliogopa watoto wabatizwe, na vijana wetu wengi wakaishia uchinjaji, udereva na biashara ndogo. Ilichukua miaka mingi kuliziba pengo hilo.

Ndugu zangu, sisi tulioingia chuo kikuu ni matunda ya waliosubiri. Basi tukigombana juu ya mwezi, au juu ya nani awe amiri wa jumuiya, tujiulize ghera yetu inajenga nini. Ghera ya kweli ionekane katika sala ya Alfajiri, katika mtihani uliofanywa bila wizi, katika deni lililolipwa kwa wakati, na katika ulimi uliozuiwa usimvunje ndugu.

Allah amrehemu Nuhu Mbogo na wote waliotutangulia, na atujaalie ghera yenye hekima. Amin.