Maisha ya Bibi Lise Meitner

Mimi nilikulia Dzaleka, makao ya wakimbizi yaliyo kama kilomita 50 kutoka Lilongwe. Mwaka 2023 baba yangu mdogo, fundi wa redio mjini Lilongwe, aliamriwa kurudi Dzaleka pamoja na wakimbizi wengine. Alirudi na kisanduku cha vyombo vyake tu, akaniuliza ufundi wa mtu asiye na kwao una faida gani. Sikuwa na jibu, mpaka niliposoma habari za Bibi Lise Meitner.

Bibi huyu alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1878. Siku zile wasichana wa huko hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu. Mlango ulipofunguliwa alisoma kwa bidii, akapata udaktari wa fizikia mwaka 1906. Mwaka uliofuata akaenda Berlin, na huko akafanya kazi na Otto Hahn, mtaalamu wa kemia. Kwa kuwa ni mwanamke, alipewa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala. Tena miaka ya kwanza hakulipwa mshahara. Hakuacha kazi. Mwaka 1926 akawa profesa, mwanamke wa kwanza wa fizikia kupata cheo hicho Ujerumani.

Lakini ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, na serikali ya Hitler iliwatesa Wayahudi. Julai 1938, akiwa na miaka 59, alitoroka kwa gari moshi mpaka Uholanzi, mkobani mna marki 10 tu, kisha akafika Sweden. Desemba, Hahn akamwandikia kwamba amepiga urani kwa nyutroni, ikatokea bariamu, naye haelewi sababu. Bibi Meitner akatembea katika theluji na mpwa wake, Otto Frisch. Wakaketi juu ya gogo, wakapiga hesabu: kiini cha urani kimepasuka vipande viwili, na kupasuka huko hutoa nguvu nyingi ajabu.

Wengine walitumia elimu hiyo kuunda bomu. Yeye aliitwa, akakataa. Tuzo ya Nobel akapewa Hahn peke yake.

Yako na matunda mema. Mwaka 1964 kinu kidogo cha atomu kilianza kazi Ågesta, karibu na Stockholm, mji uliompokea. Kilitoa umeme megawati 10, na joto kama megawati 55 kwa nyumba za Farsta, mpaka 1974. Huko Halden, Norway, kinu kingine kilipeleka mvuke katika kiwanda cha karatasi, kilifungwa 2018. Viini hupasuka, maji huchemka, mvuke huzungusha mashini ya umeme. Na joto linalobaki si lazima litupwe, laweza kupelekwa majumbani au viwandani. Ni kama mama aliyekwisha kupika ugali, akateleka maji ya kuoga juu ya makaa yaliyosalia. Ila majivu ya kinu hiki ni ya hatari, yataka ulinzi wa miaka mingi.

Kila nipitapo Kanengo, penye viwanda vya Lilongwe, nakumbuka habari hii, maana urani imo nchini humu, Kayelekera, wilaya ya Karonga.

Bibi Meitner alifariki Cambridge, Uingereza, mwaka 1968. Elementi ya 109 imepewa jina lake. Alipoteza nyumba, kazi na nchi, lakini hesabu alivuka nazo mpaka.

Nilimsomea baba mdogo habari hizi. Hakusema neno. Alifungua kisanduku chake, akaanza kutengeneza redio ya jirani.