Pellegrino Artusi: alikimbia majambazi, akaacha kitabu cha jiko la nyumbani

Katika butiki za Murara, komine ya Karisimbi mjini Goma, pakiti za spageti na makaroni zinakaa kando ya unga wa bugali, mchele na maharagi. Mama anayenunua spageti, tomati na kitunguu juu ya chakula cha jioni cha watoto anapika kitu ambacho jamaa za Italia nazo zinapika siku za kazi: chakula cha haraka, cha bei ndogo, cha kushibisha watu wengi. Mtu aliyefanya mapishi ya namna hiyo yajulikane nyumba kwa nyumba katika Italia hakuwa mpishi wa hoteli. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri, hakuoa, na kitabu chake cha jiko kilitoka akiwa na miaka kama 70. Jina lake ni Pellegrino Artusi.

Artusi alizaliwa tarehe 4 Agosti 1820 huko Forlimpopoli, mji mdogo wa Romagna, kaskazini mwa Italia. Wakati huo Italia haikuwa bado inchi moja. Romagna ilikuwa chini ya utawala wa Papa wa Roma, na sehemu zingine zilikuwa na watawala wao. Baba yake, Agostino, alikuwa na duka, na mama yake aliitwa Teresa Giunchi. Kijana Pellegrino alisoma katika seminari ya Bertinoro, karibu na kwao, kisha akaingia katika biashara ya jamaa. Maisha yake yangeweza kuisha hapo hapo, kama mchuuzi wa mji mdogo mwenye mali kidogo na heshima kwa majirani.

Usiku ulioharibu jamaa

Usiku wa tarehe 25 Januari 1851, kundi la majambazi wenye bunduki liliingia Forlimpopoli. Mkubwa wao alikuwa Stefano Pelloni, aliyejulikana kwa jina la Passatore, jina lililotokana na kazi ya baba yake ya kuvusha watu mtoni. Jamaa tajiri za mji zilikuwa katika ukumbi wa michezo. Majambazi walipanda jukwaani, wakaelekeza bunduki kwa watu, wakaanza kuwadai wenye mali. Wengine walisindikizwa mpaka kwao ili watoe pesa na vitu vya samani.

Nyumba ya Artusi haikupona. Waliiba, na wakawatendea vibaya watu wa nyumbani. Gertrude, dada ya Pellegrino, alijaribu kutoroka kwa kupita juu ya paa. Aliumia, na akili yake haikurudi tena kama zamani. Alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pesaro, na huko ndiko alikofia.

Passatore mwenyewe aliuawa mnamo Machi mwaka ule ule. Lakini kifo chake hakikurudishia jamaa ya Artusi usalama waliokuwa nao. Waliuacha mji wao, wakahamia Firenze, katika jimbo la Toscana. Pellegrino alikuwa na miaka 30 hivi. Watu wa Kivu ya Kaskazini wanajua hali hiyo: nyumba inabaki nyuma, biashara inaanza upya kati ya watu wasiokujua, na mmoja wa jamaa anabeba kidonda kisichoonekana.

Kolera mjini Livorno

Huko Toscana Artusi alifanya kazi katika biashara, na mwishowe akawa na biashara yake mwenyewe ya hariri mjini Firenze. Safari zilimpeleka miji mingi, na kila alipofika alichunguza watu wanakula nini.

Mwaka wa 1855 alikuwa Livorno, mji wa bandari, wakati kolera ilikuwa ikizunguka katika Italia. Jioni moja alikula minestrone, supu nzito ya mboga, katika nyumba ya chakula, kisha akaenda kulala kwa mwenyeji aliyeitwa Domenici. Usiku tumbo lilimsumbua sana, na alilaumu supu. Kesho yake alirudi Firenze. Muda si muda habari ikafika kwamba kolera imeingia Livorno, na Domenici ndiye wa kwanza kufa.

Goma nayo inaijua kolera, hasa tangu kambi za wakimbizi za mwaka wa 1994, na itaelewa kwa nini Artusi hakuisahau siku hiyo. Kisa hicho alikiweka baadaye katika kitabu chake, pale pale anapoeleza namna ya kupika minestrone. Ndiyo desturi yake yote: pishi halikuwa orodha ya vitu na vipimo tu. Lilikuja na kisa, na utani, na onyo juu ya afya ya mlaji.

Vitabu viwili vilivyoanguka

Wazazi wake walipokufa na dada zake wengine kuolewa, Artusi aliacha biashara. Alikuwa anakaribia miaka 50, na pesa alizokusanya zilitosha kumtunza. Alikaa katika nyumba ya Piazza d'Azeglio, mjini Firenze, pamoja na watu wawili waliomfanyia kazi: mpishi Francesco Ruffilli, mtu wa Forlimpopoli kama yeye, na Marietta Sabatini, mwanamke wa Toscana aliyetunza nyumba na kupika.

Tamaa yake ya kwanza ilikuwa kuwa mwandishi wa mambo ya fasihi. Mwaka wa 1878 alitoa kitabu juu ya maisha ya mshairi Ugo Foscolo, kisha kingine juu ya barua za mshairi Giuseppe Giusti. Watu hawakuvijali. Wakati huo huo alikuwa anakusanya mapishi, na kila pishi lilipikwa kwanza na Francesco na Marietta, likaonjwa mezani, likarekebishwa, likapikwa tena.

Wachapishaji walikataa kitabu hicho. Mwaka wa 1891 Artusi alilipa mwenyewe mtambo wa Salvadore Landi, wakachapa nakala 1,000. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Sayansi jikoni na ufundi wa kula vizuri. Kilikuwa na mapishi 475, na aliwatolea heshima ya kitabu hicho paka wake wawili, Biancani na Sibillone.

Dharau haikukosa, hata kwao. Alitoa nakala mbili ziwe zawadi katika mchezo wa bahati nasibu wa kusaidia watu huko Forlimpopoli. Waliozishinda walizicheka, wakaenda kuziuza kwa mwenye duka la tumbako. Nakala zile 1,000 zilichukua kama miaka minne kuisha.

Kisha mambo yakageuka. Artusi aliuza kitabu kutoka nyumbani kwake na kukituma kwa posta. Wanunuzi walianza kumwandikia barua: wanawake wa miji mbalimbali walimweleza namna wanavyopika kwao, walimwomba ushauri, walimsahihisha. Yeye alipeleka barua hizo jikoni kwa Marietta na Francesco. Pishi lililofaulu liliingia katika toleo lililofuata. Hivyo mapishi yalipanda kutoka 475 mpaka 790, na kabla hajafa nakala nyingi sana zilikuwa zimetoka.

Sosi ya tomati, bugali ya Italia

Mapishi mengi ya kitabu hicho hayahitaji jiko la kitajiri. Sosi yake ya tomati ni mfano. Inatumia robo ya kitunguu, punje moja ya kitunguu saumu, kipande cha seleri cha urefu wa kidole, majani machache ya baziliki na persili, mafuta, chumvi, pilipili manga, na tomati 7 au 8 zilizokatwakatwa. Vyote vinawekwa katika sufuria pamoja, vinapikwa mpaka vinakuwa vizito, kisha vinapitishwa katika chujio. Kazi hiyo yote inawezekana juu ya mbabula moja yenye makala, na sosi inatosha kwa spageti, nyama au mayai. Anayetaka kuongeza fromaji, ile ya Masisi inaweza kuchukua nafasi ya ile ya Italia.

Kwa gnocchi, vidonge vya viazi vinavyochemshwa katika maji, Artusi anaweka gramu 150 za unga wa ngano kwa gramu 400 za viazi. Anaeleza pia juu ya bibi mmoja aliyebania unga: alipokoroga sufuria, gnocchi zote zilikuwa zimeyeyuka majini. Nyama iliyobaki haitupwi. Inasagwa, inachanganywa na mkate uliolowekwa na yai, inafinyangwa na kukaangwa. Na polenta, unga wa mahindi unaokorogwa katika maji yanayochemka, ni ndugu wa bugali. Mahindi na tomati vyote vilitoka Amerika, vikaingia katika vyungu vya Ulaya na vya Afrika, na leo kila upande unavihesabu kuwa vyake.

Mama wa Murara atapata kwa Artusi kanuni ambazo tayari anazifuata: kununua kitu kizuri hata kama ni kidogo, kupika kilicho katika msimu, kuwa na uvumilivu mbele ya moto, kutotupa.

Kuandika kilichokuwa mdomoni

Italia ilikuwa imekuwa inchi moja tangu 1861, lakini raia wengi hawakusema Kiitalia. Kila jimbo lilikuwa na lugha yake, na chakula kile kile kilikuwa na majina tofauti. Vitabu vikubwa vya mapishi vilijaa maneno ya Kifaransa, kwa sababu wapishi wa matajiri walifuata Ufaransa. Artusi aliandika Kiitalia chepesi, akayaweka mapishi ya Romagna, ya Toscana na ya sehemu zingine katika kitabu kimoja. Hakugusa sehemu zote sawasawa. Kusini kulipata nafasi ndogo. Hata hivyo, mwanamke wa mji mmoja aliweza kupika chakula cha mji mwingine ambao hajawahi kuuona.

Bila daftari, maarifa hayo yangebaki mdomoni mwa wanawake, na kila vita, kila kuhama, kila kifo cha bibi mzee kingekata kipande. Jambo hilo linagusa Goma kwa karibu. Sombe, maharagi, ndagala na samaki wa ziwa vina ufundi wake, na ufundi huo unapita kutoka mama kwenda kwa binti bila karatasi. Pale ambapo jamaa zinatawanyika, mara nyingi mlolongo huo ndio unaokatika wa kwanza.

Artusi alikufa mjini Firenze tarehe 30 Machi 1911, akiwa na miaka 90, akazikwa katika makaburi ya San Miniato al Monte. Mali yake aliiachia Forlimpopoli, mji alioukimbia na uliomcheka. Haki za kitabu, pamoja na faida yake, aliwaachia Francesco na Marietta, mikono iliyopika kila pishi kabla halijaandikwa.

Forlimpopoli sasa imebadilika. Tangu 2007 ina Casa Artusi, nyumba yenye maktaba, shule ya mapishi na mahali pa kula, na kila mwaka mji unafanya sikukuu yenye jina lake. Katika sikukuu hiyo kuna zawadi inayotolewa kwa watu wanaopika nyumbani, si kwa wapishi wa hoteli. Zawadi hiyo inaitwa Marietta.