EDWIN PORTER, BAHARIA ALIYEJIFUNZA KUUNGA SINEMA

Askari atazamapo sinema ya majambazi jioni kambini, huona msako, risasi na ushindi. Ni mara chache amkumbukapo yule aliyeketi na mkasi na gundi, akavipanga vipande vya mkanda hata vikawa hadithi moja. Leo tunamsimulia mmoja wa watu wa kwanza kujifunza kazi hiyo, naye aliwahi kuvaa sare kama sisi.

Edwin Porter alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Connellsville, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1893 alijiunga na Jeshi la Wanamaji, akatumikia miaka mitatu akishughulika na mitambo ya umeme. Alipotoka alishika kazi ya kuendesha mashine za sinema, hatimaye katika ukumbi wa Eden Musée, New York. Siku zile filamu zilikuwa fupi mno, na mwenye mashine ndiye aliyeamua ipi itangulie na ipi ifuate. Kupanga huko ndiko kulikokuwa darasa lake.

Mapema mwaka 1903, akiwa katika kampuni ya Thomas Edison, alitengeneza filamu ya askari wa zimamoto. Mama na mtoto wanaokolewa motoni, nasi twaonyeshwa yote kutoka ndani ya chumba. Kisha uokoaji uleule warudiwa wote kutoka nje, kana kwamba saa imerudishwa nyuma. Mwanafunzi alikuwa bado njiani.

Kabla ya mwaka huo kwisha alitoa The Great Train Robbery, hadithi ya ujambazi yenye mandhari 14 na urefu wa dakika kumi na mbili hivi. Majambazi wanamfunga kamba karani wa telegrafu, wanaiteka gari moshi, wanaua na kupora, kisha wanatoroka. Hapo Porter hakuwafuata hadi mwisho. Aliurudisha mkanda stesheni, ambako binti mdogo anamfungua karani. Habari inafika kwenye ukumbi wa dansi, wanaume wanachukua bunduki, na majambazi wote wanauawa msituni. Hapakuwa na maandishi ya kueleza lolote. Mpango wa vipande ndio uliosema.

Lakini Porter hakuendelea kujifunza kwa kasi ileile. Mwaka 1908 alimwongoza mwigizaji kijana, D. W. Griffith, ambaye baada ya muda mfupi alimpita mbali katika ufundi huohuo. Mwaka 1915 Porter aliacha kuongoza filamu, akarudia mitambo. Mali yake iliangamia katika msukosuko wa fedha wa mwaka 1929, naye akafariki New York mwaka 1941, akiwa karibu amesahauliwa.

Nasi tuandikao taarifa za doria tuna la kujifunza kwake. Matukio yaweza kuwa ya kweli yote, lakini yakipangwa ovyo, mkuu asomaye hataelewa nani alitangulia, nani alifuata, na msaada ulichelewa wapi. Tena, aliyefuzu jana asipofanya mazoezi leo, kuruta wa kesho atampita.