Osborne Reynolds: Maisha ya Mtazamaji wa Maji

Chetezo kikiwekwa mahali pasipopita upepo, moshi wa udi hupanda wima kama uzi ulionyooshwa. Ukifika kimo fulani uzi huo hutetemeka, ukajikunja, kisha ukavurugika ukawa wingu lisilo na umbo. Wengi wetu tumekua tukiliona jambo hili, wala hatukuwahi kujiuliza ni kwa nini moshi usivurugike tangu mwanzo, au ni kwa nini usiendelee wima hadi darini. Yuko mtu aliyejiuliza swali la namna hiyo kuhusu maji, akalishikilia kwa miaka mingi, na jibu lake likawa nguzo ya kazi ya wahandisi wanaopima mabomba, wanaobuni ndege na wanaochunguza mwendo wa damu mishipani. Mtu huyo ni Osborne Reynolds. Jina lake hutajwa sana katika madarasa ya uhandisi ya vyuo vyetu, ila hutajwa kama jina la namba. Mwenye jina ni kana kwamba hakuwahi kuishi.

Reynolds alizaliwa mjini Belfast, Ireland, tarehe 23 Agosti 1842. Baba yake, ambaye naye aliitwa Osborne Reynolds, alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, mwalimu, na mtaalamu wa hisabati aliyesomea Cambridge. Aidha alipenda mashine, na alibuni vyombo vya kuboresha kilimo. Familia ilihamia Dedham katika jimbo la Essex, ambako baba aliongoza shule, na mtoto akapata elimu yake ya awali mikononi mwa baba huyo. Sifa nyingi alizokuja kumiminiwa Reynolds mtoto zingefaa kugawanywa na mzazi wake, kwa kuwa mambo mawili yaliyompambanua, yaani hisabati na mapenzi ya kushika chuma kwa mikono, aliyakuta yakiishi pamoja nyumbani.

Mwaka 1861, akiwa na umri wa miaka 19, hakukimbilia chuo kikuu. Aliingia kwanza karakana ya Edward Hayes huko Stony Stratford, akawa mwanagenzi miongoni mwa mafundi. Huko ndiko alikogundua kwamba mikono peke yake haitoshi: yapo maswali ambayo mashine huyauliza na fundi hana lugha ya kuyajibu. Ndipo alipokwenda Cambridge, katika chuo cha Queens', kusomea hisabati. Alihitimu mwaka 1867 akiwa wa saba katika mtihani ule mgumu uliopanga watahiniwa kwa daraja. Baada ya kufanya kazi kwa muda mfupi na wahandisi wa London, mwaka 1868 aliteuliwa kuwa profesa wa uhandisi, wa kwanza katika Owens College mjini Manchester, chuo ambacho baadaye kilikua kikawa chuo kikuu cha mji huo. Alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Wenye viwanda wa Manchester ndio waliokuwa wamechanga fedha za kiti hicho, kwa maana mji wao uliishi kwa pamba, mvuke na mitambo, na walihitaji watu wa kuielewa.

Mwaka huo huo wa 1868 alimwoa Charlotte Chadwick. Mwaka 1869 Charlotte alifariki dunia. Profesa kijana akabaki na cheo kipya, mji mgeni na nyumba iliyozimika. Hakuoa tena hadi mwaka 1881, alipofunga ndoa na Annie Wilkinson. Watafiti wa maisha yake hutaja msiba huu kwa sentensi moja kisha wakaendelea na orodha ya machapisho, na pengine mimi pia sina la kuongeza. Lakini mtu anayeutazama uzi wa rangi ukinyooka vizuri majini kisha ukavunjika bila onyo hawezi kudhaniwa kuwa hakuwahi kuyaona hayo kwingineko.

Darasani, Reynolds alikuwa mwalimu wa ajabu. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa J. J. Thomson, yule aliyekuja kuigundua elektroni mwaka 1897, naye aliacha kumbukumbu za kuchekesha kuhusu mwalimu huyo. Alikuwa akianza kueleza jambo, wazo jipya likamjia, akaligeukia ubao na kulifuata wazo hilo huku amewasahau wanafunzi nyuma yake. Yasemekana siku moja alikuwa akieleza matumizi ya rula telezi, kile kifaa cha kukokotolea walichokitegemea wahandisi kabla ya kuja kwa vikokotoo. Akachukua mfano mwepesi wa 3 mara 4, akasogeza rula, akatangaza jibu kuwa 11.8. Wanafunzi walipotabasamu, hakutahayari. Aliona jibu hilo limekaribia vya kutosha. Hata hivyo Thomson hakumdharau. Alimheshimu kwa kuwa Reynolds alikuwa na tabia ya kulikabili kila tatizo upya, kwanza kwa akili yake mwenyewe, kabla ya kufungua vitabu kuona wengine walisema nini.

Tabia hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye jaribio lililomjengea jina. Katika zama zake palikuwa na mgogoro kati ya watu wa hesabu na watu wa mabomba. Watu wa hesabu walikuwa na milinganyo mizuri iliyoonyesha kwamba ukiyasukuma maji kwa kasi mara mbili, ukinzani wa bomba nao unakuwa mara mbili. Hili lilikuwa kweli katika vibomba vyembamba. Watu wa mabomba, kwa upande wao, walijua kutokana na kazi ya kila siku kwamba katika bomba kubwa, kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka karibu mara nne. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi. Swali la Reynolds lilikuwa: je, maji yenyewe yanafanya nini ndani ya bomba?

Aliamua kutazama. Alitengeneza tangi kubwa lenye kuta za kioo, akalijaza maji, na ndani yake akalaza mrija wa kioo wenye urefu wa takriban mita 1.4. Mdomo wa mrija ulipanuliwa kama mdomo wa tarumbeta ili maji yaingie bila kustuliwa. Kisha kwa kibomba chembamba aliingiza rangi nzito katikati ya mdomo huo. Maji yaliachwa yatulie kwa saa kadhaa kabla ya koki kufunguliwa, maana hata mtikisiko mdogo ungeharibu yote. Koki ilipofunguliwa kidogo, rangi ilipita katikati ya mrija wote kama uzi mmoja mnyoofu, usiochanganyika na maji yaliyouzunguka. Alipoongeza kasi kidogo kidogo, uzi uliendelea kunyooka hadi kasi fulani ilipofika. Hapo ghafla, mbali kidogo na mdomo, rangi ilitawanyika ikajaza mrija mzima. Jicho liliona ukungu wa rangi tu. Lakini alipoumulika mrija kwa cheche ya umeme, mwanga wa kufumba na kufumbua, ule ukungu ulionekana kuwa ni vizingia vingi vinavyojikunja kimoja ndani ya kingine.

Kumbe pande zote mbili zilikuwa na haki. Maji yana mienendo miwili, na kila mwenendo una sheria yake. Lililobaki lilikuwa kujua ni wakati gani yanavuka kutoka mmoja kwenda mwingine. Reynolds alibadilisha upana wa mirija, akabadilisha kasi, akabadilisha hata halijoto ya maji, kwa kuwa maji ya baridi yana mnato zaidi. Aligundua kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoamua peke yake. Kinachoamua ni uwiano: zidisha densiti ya maji, kasi na kipenyo cha mrija, kisha ugawe kwa mnato. Namba inayopatikana haina kipimo cha mita wala sekunde. Ikiwa chini ya 2,000 hivi, msukosuko wowote utakaotiwa majini utafifia wenyewe. Ikipanda juu ya hapo, utulivu unaweza kuendelea, lakini ni utulivu wa kuazima. Katika tangi lake lililotulizwa kwa uangalifu mkubwa, Reynolds aliweza kuuchukua hadi kama 13,000 kabla ya uzi kukatika. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1883 katika jarida la Royal Society ya London.

Kwa sisi wanafunzi wa lugha, kuna jambo la kuzingatia katika makala yake hiyo. Reynolds hakuunda istilahi za kutisha. Aliuita mwenendo wa kwanza kwa neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya kunyooka, na wa pili kwa neno lenye maana ya kupindapinda kama mwendo wa nyoka. Neno la msukosuko lililozoeleka leo lilikuja miaka michache baadaye kwa Lord Kelvin, na jina la Namba ya Reynolds lilitolewa na Mjerumani Arnold Sommerfeld mwaka 1908. Nilipokuwa mwaka wa pili, mwenzangu wa chumbani aliyekuwa akisomea uhandisi alinitania kwamba Kiswahili hakiwezi kulisema somo hili. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu. Leo ningemwambia kwamba mwenye somo mwenyewe alilisema kwa maneno ya wavuvi na wachota maji, na maneno ya aina hiyo tunayo tele.

Kazi yake haikuishia hapo. Mwaka 1885 alieleza kwa nini mchanga wa ufuoni uliolowa hukauka ghafla kuzunguka unyayo wa anayeukanyaga: punje zilizobanana hulazimika kuachana zinaposukumwa, nafasi kati yake zikapanuka, maji yakanyonywa ndani. Yeyote aliyetembea ufuoni Mombasa au Lamu maji yakiwa yamepwa ameliona. Mwaka 1886 alitatua fumbo la Beauchamp Tower, mhandisi aliyekuwa amegundua kwamba mafuta ndani ya beringi ya mtaimbo wa gari la moshi huwa na shinikizo la kutosha kusukuma nje kizibo cha mbao. Reynolds alionyesha kwamba mtaimbo unapozunguka huyaburura mafuta kuelekea mahali panapobanwa, nayo yakajijengea nguvu ya kuubeba mzigo wote, chuma kisiguse chuma. Nadharia hiyo bado hutumiwa kubuni beringi za mitambo mikubwa. Tena aliunda kielelezo kidogo cha mlango wa mto Mersey, chenye mchanga na maji ya kujaa na kupwa yaliyotimiza mzunguko kwa muda usiofika hata dakika moja, akaona mafungu ya mchanga yakijipanga kwa namna iliyofanana na yale ya mto wenyewe. Wanaoiga leo mienendo ya mito kwa tarakilishi wanafuata nyayo za beseni hilo.

Royal Society ilimpokea kuwa mwanachama mwaka 1877 na kumtunukia nishani mwaka 1888. Pamoja na hayo, ilikuwa taabu kumwelewa. Makala yake ya mwaka 1895, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ilipelekwa kwa wasomaji wawili mashuhuri, George Stokes na Horace Lamb. Wote wawili walilalamikia ugumu wa maandishi yake. Stokes alikawia, na alikiri kwamba hakuweza kuifuata hoja sawasawa. Ilichapishwa zaidi kwa heshima ya kazi zake za awali. Ndani yake Reynolds alipendekeza kwamba mwendo wenye msukosuko ugawanywe mara mbili: wastani wake, na mabadiliko yanayopandapanda na kushukashuka juu ya wastani huo. Leo programu za tarakilishi zinazokokotoa upepo kuzunguka bawa la ndege au maji ndani ya pampu, nyingi zimejengwa juu ya mgawanyo huo. Walioipitisha hawakujua walichokipitisha.

Miaka yake ya mwisho ina uchungu. Alitaka kueleza muundo wa ulimwengu mzima kwa punje ndogo mno zilizobanana, wazo lililotokana na ule mchanga wa ufuoni, na mwaka 1903 alichapisha kitabu kizima juu yake. Lakini maradhi yalikuwa yameanza kumnyang'anya uwezo wa kujieleza. Lamb, aliyekuwa mwenzake hapo Manchester, alieleza baadaye kwamba kitabu kina mapengo na mikatiko inayomshinda msomaji. Nadharia yenyewe haikupata wafuasi. Mtu ambaye maneno hayakuwahi kumtii vizuri sasa yalikuwa yakimtoroka kabisa. Alistaafu mwaka 1905 na kuhamia Watchet, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Somerset, ambako alifariki tarehe 21 Februari 1912.

Tangi lake halikutupwa. Limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Manchester. Karibu miaka 100 baada ya jaribio la kwanza, watafiti wa chuo hicho walilitumia tena, safari hii wakiwa na kamera, kwa kuwa Reynolds alikuwa ameacha michoro ya mkono tu. Uzi wa rangi ulinyooka, ukatetemeka, ukakatika, vilevile alivyouchora. Isipokuwa namba ile ya 13,000 hawakuweza kuifikia. Magari yanayopita katika barabara za Manchester yalikuwa yakiitikisa ardhi, na maji ndani ya tangi yalilihisi hilo.