John Snow: daktari aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba kutafuta chanzo cha kipindupindu

Unapoulizwa na mhudumu wa afya ya jamii unachota maji wapi, huenda ukaona anakuchosha. Swali hilo liliwahi kuokoa watu.

John Snow alizaliwa York, Uingereza, mwaka 1813, mtoto wa kibarua. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari alitumwa kuwahudumia wachimba makaa ya mawe waliougua kipindupindu. Baadaye alifanya kazi London, hata akamhudumia Malkia Victoria alipojifungua.

Wakati ule madaktari wengi waliamini kipindupindu huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Snow alisema kinaletwa na maji yenye kinyesi. Wengi hawakumkubali.

Mwishoni mwa Agosti 1854, ugonjwa ulilipuka mtaa wa Soho, London. Zaidi ya watu 600 walikufa. Snow alikwenda kwenye nyumba za wafiwa akiuliza maji yao yalitoka wapi. Wengi walitaja pampu ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani, ambao hawakutumia pampu hiyo, hawakufa. Snow alipeleka ushahidi kwa viongozi wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

Lakini chanzo chenyewe hakikujulikana bado. Kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead, hakuamini maneno ya Snow, akaanza kuchunguza ili amkosoe. Familia zilimfahamu, zikamweleza mengi. Mama mmoja alimwambia kwamba mtoto wake mchanga aliharisha kabla ya wengine kuugua, na maji ya kufulia nepi aliyamwaga kwenye shimo la maji machafu. Shimo hilo lilikuwa karibu kabisa na kisima cha pampu, na lilikuwa likivuja. Whitehead akakubali kwamba Snow alisema kweli.

Snow alifariki mwaka 1858 akiwa na miaka 45, kabla madaktari wengi hawajamwamini.

Daktari alijua ugonjwa, kasisi alijua watu, na mama mfiwa alisema ukweli. Kila mmoja alihitajika. Kwa hiyo mtu akiharisha nyumbani kwako, usifiche kwa aibu. Mpeleke kituo cha afya mapema, mjulishe mhudumu wa afya, na useme mnachota maji wapi. Utawakinga majirani zako.