Bob Widlar: Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii niliielewa barabara likizo ya Agosti. Nyanya yangu huishi peke yake, na kila akitaka kuchaji simu yake ya mulika mwizi, ni lazima atembee hadi sokoni. Kwa vile ana betri ya sola ya volti 12, nami hujigamba kuwa fundi, nilinunua kidhibiti volti, kile kidude cha miguu mitatu ambacho mafundi hukiita regyuleta. Nikaunganisha, simu ikaanza kuchaji. Baada ya muda mfupi, ikakoma! Nilipokigusa kidude, salaale! Kilikuwa moto kama pasi. Nikadhani kimekufa. Kumbe kilijizima chenyewe kisiungue, na kilipopoa kikaamka. Nikajiuliza, ni nani aliyekifunza akili hizo?

Wasomaji wapendwa, mtu huyo ni Robert Widlar, au Bob. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1937 mjini Cleveland, Marekani. Baba yake alikuwa mhandisi wa redio aliyejifunza mwenyewe, na mtoto wa samaki hafunzwi kuogelea. Mwaka wa 1958 Bob alijiunga na jeshi la wanahewa, akawafunza wanajeshi elektroniki. Kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Colorado, akahitimu mwaka wa 1963.

Alifanya kazi Fairchild, halafu National Semiconductor, kule California. Zamani hizo kidhibiti volti kilikuwa rundo la vipande vilivyotapakaa ubaoni. Bob alikiingiza ndani ya silikoni, kwanza LM100, kisha LM109 ya volti 5. Hii ya pili ilikuwa na miguu mitatu tu: umeme kuingia, umeme kutoka, na ardhi. Ndani aliweka transista ya kuhisi joto. Joto likizidi, inazima kila kitu.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Alikuwa mlevi kupindukia. Tena, kampuni ilipoacha kukata nyasi ili kubana matumizi, alileta kondoo aje kuzila! Desemba 1970, akiwa na miaka 33 tu na tayari tajiri, aliacha kazi, akahamia Puerto Vallarta, Mexico. Baadaye alirudia ubunifu, na pombe akaipunguza. Alifariki huko tarehe 27 Februari 1991, akikimbia mazoezi mlimani. Alikuwa na miaka 53.

Nami nilirudi kwa hesabu. Volti 12 kutoa 5 ni 7, na hizo 7 zote hugeuka joto. Kwa nusu ampea, hayo ni wati 3.5, mzigo mkubwa kwa kidude kidogo vile. Nilikata kipande cha sufuria kuukuu, nikakifunga mgongoni mwake kwa parafujo ili kisambaze joto. Tangu siku hiyo hakijazima, na Nyanya hunipigia simu kila Jumapili. Bob alikufa kabla sijazaliwa, lakini kazi yake iko hai pale mezani kwa Nyanya.

Mwanachama, Kidato cha Tatu