Maisha ya Bibi Ummu Sulaym binti Milhan (R.A.)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Bibi huyu ni katika Maanswari wa Madina, wa ukoo wa Banu Najjar. Jina lake wapokezi wamehitilafiana, wako waliosema Rumaysaa na wako waliosema Sahla, lakini alijulikana zaidi kwa kuniya yake. Alisilimu mapema, na mumewe wa kwanza, Malik bin Nadhr, akakasirika, akatoka kwenda Sham, akafia huko. Akabaki na mwanawe mdogo, Anas. Alipoposwa na Abu Talha, ambaye alikuwa bado mshirikina, hakutaka dhahabu wala fedha. Mahari yake yakawa ni kusilimu kwa mumewe. Mtume S.A.W. alipohamia Madina mwaka 622, alimpelekea Anas, naye ni mtoto wa miaka 10, awe akimhudumia.

Kwa Abu Talha alizaa mtoto wa kiume. Wako wanavyuoni waliosema kuwa ndiye Abu Umayr, yule aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume S.A.W. alimwona mtoto ana huzuni, akawa anamtania kwa upole na kumwuliza habari zake. Tunamwomba msomaji asikipite kisa hiki kwa haraka: mbora wa viumbe alikaa na mtoto akashughulikia msiba wa ndege.

Kisha mtoto akaugua, akafariki Abu Talha akiwa hayupo nyumbani. Bibi Ummu Sulaym akamtengeneza maiti wake, akawakataza watu wa nyumbani wasimwambie baba mpaka atakaposema naye mwenyewe. Mume akarudi, akaandaliwa chakula, akala, wakalala. Hapo ndipo alipomuuliza hukumu ya watu walioazimwa kitu na jirani, kisha mwenyewe akakitaka: je, wana haki ya kukizuia? Alipojibu kuwa hawana, akamjulisha kuwa mwanawe ameshachukuliwa na Mwenyewe. Abu Talha alighadhibika, akaenda kushitaki kwa Mtume S.A.W., naye akawaombea baraka. Akazaliwa Abdullah, Anas akampeleka kwa Mtume, akatafuniwa tende na kutiwa kinywani. Wana wa Abdullah wakawa wasomaji wa Qur'ani.

Kisa hiki husimuliwa sana kwenye aza, na mara nyingi husimuliwa mahali pasipo pake. Mama hata kuzika bado, anaambiwa asitoe chozi, awe kama Ummu Sulaym. Huko ni kumzidishia jeraha. Bibi Ummu Atiyya (R.A.) amepokea kuwa wanawake waliahidi kutoomboleza kwa makelele, na waliotimiza walikuwa watano tu, Ummu Sulaym akiwa mmoja wao. Wale wengine walibaki kuwa Maswahaba. Na mwanawe Mtume, Ibrahim, alipofariki mwaka wa 10 Hijria, macho ya Mtume S.A.W. yalitokwa na machozi, Anas akishuhudia. Makelele yamekatazwa, machozi ni rehema.

Wala Bibi huyu hakuachwa peke yake. Nduguye Haram aliuawa Bi'r Ma'una mwaka wa 4 Hijria, na Mtume S.A.W. alikuwa akiingia nyumbani kwake zaidi ya nyumba nyingine, ukiacha za wakeze, akieleza kuwa anamhurumia kwa ajili ya nduguye. Na wanawake wa Madina walipoomba siku yao ya kufundishwa, waliambiwa kuwa mama aliyetanguliwa na watoto watatu, watakuwa kinga yake na Moto. Mmoja akauliza kuhusu aliyefiwa na wawili, akaambiwa hata wawili. Katika baadhi ya riwaya muulizaji ni Ummu Sulaym. Baraza lile lilikuwa na mama waliofiwa, wakisikilizana.

Familia inayokaa Sparkbrook, katika zile nyumba zilizoshikana za pembezoni mwa Stratford Road, hukosa hasa baraza kama hilo. Majirani wa Kipakistani, Kiyemeni na Kisomali huleta chakula, nayo ni Sunna, kwani Mtume S.A.W. aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe. Lakini shangazi na khalati wako Maskati au Unguja, kilio ni cha simuni, na siku tatu zikiisha mlango hufungwa. Mama aliyekwisha kuzika mtoto na aubishe mlango huo baada ya mwezi, na baada ya mwaka, amtaje marehemu kwa jina lake, kwa Kiswahili. Hata wasiokuwa Waislamu wameligundua jambo hili: katika mji wa Coventry, jirani na Birmingham, wazazi wawili wawili waliofiwa na watoto wao hospitali moja mwaka 1968 walifarijiana, na kasisi wa hospitali akaona kuwa wanasaidiana kuliko alivyoweza yeye. Mwaka 1969 ikaanzishwa hapo jumuiya ya The Compassionate Friends.

Anas, aliyelelewa katika nyumba ile, alihamia Basra. Imepokewa kuwa alizika katika kizazi chake watu 120 na zaidi kabla Hajjaj hajafika huko. Na kwa mzee huyo aliyefiwa hivyo ndiko Imamu wetu Jabir bin Zayd (R.A.) alikochukua elimu. Imepokewa kuwa wawili hao walifariki katika juma moja, mwaka wa 93 Hijria.